Nchi ya Magari Yaliyoitwa

Namna nilivyofika Pandashuka haina faida kwa msomaji. Anayetaka kuhesabu mito na milima niliyovuka atafute kitabu cha mtu mwingine. Mimi kwa miaka thelathini nilikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, kazi inayomfundisha mtu kutazama kidole cha muuzaji badala ya kusikiliza maneno yake, na niliyoyaona huko nayaandika kwa mazoea hayo hayo.

Pandashuka ni nchi ya miinuko mitupu. Anayelala bondeni hufanya kazi kilimani, na anayelala kilimani shamba lake liko bondeni, kwa hiyo gari huko si anasa hata kidogo. Magari yote hutoka kwa Jumba la Wahunzi, lililoko ng'ambo, na wenyeji hulitaja Jumba hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa.

Nilipanga chumba bondeni kwa Bi Sikudhani na mumewe, Mlekwa. Bi Sikudhani alikuwa dereva. Kila alfajiri alipakia makopo ya maziwa pamoja na kina mama wenye maziwa yao, akawapandisha mjini. Mlekwa alikuwa fundi, na gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimuuliza habari za chuma.

Siku yangu ya tatu, tarishi wa serikali alipiga filimbi langoni, akavua kofia.

"Bi Sikudhani, hongera," akasema. "Gari lako limeitwa."

Kwetu mtu akisemwa ameitwa, tunafunga turubai uani na kutafuta sanda. Huko majirani walikuja kupeana mikono. Tarishi alifunga utepe wa njano kwenye bampa ya mbele, akaupiga lakiri, kisha akasoma barua kwa sauti ili mtaa mzima usikie:

"Jumba la Wahunzi lina furaha kukujulisha kwamba krosi ya propela ya gari lako huenda ikakatika katika mazingira maalumu, hasa gari linapotembea. Hakuna sababu ya wasiwasi. Endelea kuliendesha kwa utulivu mpaka utakapoarifiwa vinginevyo."

Watu walipotawanyika nilimuuliza Mlekwa maana yake. Alichuchumaa, akachora chini kwa kijiti.

"Propela ni hii fimbo ndefu," akasema. "Inachukua nguvu kwenye giaboksi, inaipeleka magurudumu ya nyuma. Krosi ni kifundo chake. Kifundo kikikatika, gari halina nguvu tena. Hilo si kubwa, unakanyaga breki, unasimama. Lakini propela iliyokatika inapigapiga chini ya gari kama mchi ulioshikwa na mwendawazimu, na bomba la breki wahunzi wamelipitisha pale pale."

"Kulitengeneza ni kazi ya muda gani?"

"Saa mbili kwa kazi yenyewe. Tatu nikinywa chai."

"Sasa unangoja nini?"

Akanionyesha ule utepe. Ndipo nilipozijua sheria. Gari lililoitwa haruhusiwi kuligusa fundi yeyote isipokuwa wa Idara ya Mwito, kwa kuwa kulitengeneza ni kudai kwamba wahunzi walikosea, na hilo ni tusi. Mwenye gari naye haruhusiwi kuliegesha, kwa kuwa gari lililoegeshwa huwatia watu shaka, na kosa hilo huitwa kueneza hofu. Njia moja tu ilibaki wazi: kulipeleka gari Kituo Kikuu cha Mwito likatengenezwe na Idara yenyewe. Nikawaza kwamba nchi hii, pamoja na mambo yake, imejipangia vizuri. Sikuwa nimekiona Kituo.

Kituo Kikuu cha Mwito kimejengwa juu ya kilima kikali kuliko vilima vyote vya nchi ile. Tulikwenda Jumatatu, Bi Sikudhani kwenye usukani, mimi pembeni nimekumbatia kigingi cha mti ambacho nilikusudia kukitupa chini ya gurudumu mambo yakiharibika, ingawa hadi leo sijui ningekitupaje. Kwenye korongo lililo kando ya barabara yalilala magari, mengine yameota nyasi madirishani. Yote yalikuwa na utepe wa njano.

Dirishani tulimkuta karani mwenye miwani na tai.

"Gari liko wapi?"

"Lile pale uani," Bi Sikudhani akajibu.

"Limefikaje?"

"Nimeliendesha mwenyewe."

"Limepanda kilima?"

"Limepanda."

Karani akapiga muhuri. "Basi ni zima. Anayefuata!"

"Baba, barua yenu wenyewe inasema krosi itakatika."

"Inasema huenda, mama. Na haikukatika. Tukianza kutengeneza magari yanayopanda, yasiyopanda tutayatengeneza lini?"

"Kwani yasiyopanda mnayatengeneza?"

"Hayajawahi kufika hapa," karani akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Na asiyefika hajaomba."

Nikamuuliza habari za yale magari korongoni. Akanyoosha shingo, akatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu.

"Yale?" akasema. "Yale ni mandhari."

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kurudishwa nyumbani na muhuri. Siku iliyofuata alikwenda kwenye Baraza, ambako kila Jumanne mwananchi ana haki ya kusikilizwa baada ya wajumbe kumaliza mambo yao. Nilikaa naye kwenye mabenchi ya nyuma. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dangwa, Mkuu wa Idara ya Mwito, mtu mnene mwenye sauti nzuri sana, na nadhani alipewa kazi kwa sauti hiyo.

Asubuhi nzima walijadili kama neno kasoro linafaa kutumika barazani. Mjumbe mmoja alisema gari halina kasoro yoyote mpaka linapokutana na mlima, na kwa hiyo kosa ni la mlima. Akatoa hoja kwamba milima ndiyo iitwe. Hoja ilipata wafuasi wengi. Ilianguka saa sita mchana kwa sababu hakuna aliyejua anwani ya mlima ili upelekewe barua.

Kisha Mheshimiwa Dangwa akasimama. "Ndugu zangu, tumetuma barua elfu arobaini. Barua elfu arobaini zimepokelewa. Nitajieni nchi nyingine iliyowaita watu wake kwa kiasi hicho!"

Wakapiga meza. Walipotulia, Bi Sikudhani aliinuka.

"Mheshimiwa, nauliza. Krosi mpya zimefungwa kwenye magari mangapi?"

"Dada yangu, hilo ni swali la kiufundi."

"Na mimi ni dereva. Nabeba kina mama kumi na mmoja kila siku."

"Krosi ziko njiani."

"Zinakuja kwa gari gani?"

Watu wa nyuma walicheka, wakatolewa nje, na mimi nikiwa miongoni mwao. Baraza likaazimia kuunda tume ya kuchunguza kama barua zimeandikwa kwa lugha ya kutosha.

Bi Sikudhani alikuwa na shoga yake tangu utoto, Bi Zawena, dereva wa gari kama lake, la mwaka ule ule, lenye utepe ule ule. Walikuwa wakifuatana barabarani kila asubuhi, huyu mbele, huyu nyuma, na aliyetangulia humwagizia mwenzake chai mjini. Alhamisi ya juma lile Bi Zawena alikuwa nyuma. Bi Sikudhani aliagiza chai, akangoja, ikapoa. Akageuza gari, mimi nikiwa pembeni yake, akashuka.

Propela ilikuwa imekatika kwenye kona ya pili. Gari lilirudi kinyumenyume bila nguvu na bila breki hadi ukingoni, likatumbukia. Tulipofika, maziwa yalikuwa bado yanateremka juu ya mawe. Bi Zawena alikufa, na mama mmoja aitwaye Mwanamsa akafa naye. Wengine wawili walivunjika miguu. Sikuwajua kwa siku nyingi watu hawa, lakini Mwanamsa alikuwa ameniuzia mtindi juzi yake na kukataa kupunguza bei, na nilimpenda kwa hilo.

Hatujafukia kaburi, ofisa wa Idara akafika na karatasi. Aliomba dakika moja, akasoma: "Marehemu alipokea barua. Kwa kuwa aliipokea, alijua. Kwa kuwa alijua, Idara imetimiza wajibu wake." Halafu akaenda korongoni, akakata utepe kwenye lile bampa lililopondeka, akaandika kwenye daftari lake kwamba mwito wa gari hilo umekamilika. Niliona ukurasa wenyewe. Kulikuwa na magari mengi yaliyokamilika kwa njia hiyo, na mwishoni mwa mwaka hujumlishwa na kutangazwa kuwa ni mafanikio. Nimeona wauza nyama wanaoweka mfupa chini ya karatasi ya mizani. Sikuwahi kumwona anayepima maiti na kuiandika kuwa faida.

Bi Sikudhani hakulia makaburini. Alirudi nyumbani, akapita uani bila kuvua viatu, akampa mumewe funguo.

"Baba Nuru, kata utepe."

"Watanifunga, mama Nuru."

"Wakufunge wewe ukiwa hai na mimi nikiwa hai. Chakula nitakuletea."

Mlekwa alitia funguo mfukoni. Akaenda kuchukua mkasi.

Alifanya kazi jioni ile ile, jua likiwa bado juu, lango la gereji wazi kabisa. Nilimshikia spana. Aliitoa ile krosi ya wahunzi, akanionyesha ufa uliokwishazunguka nusu yake, mwembamba kama unywele. Akafunga krosi nzito aliyoichonga mwenyewe kutoka chuma cha trekta. Kisha akapinda bamba, akafanya pete kubwa kuizunguka propela, ili hata ikikatika isiweze kuanguka wala kufikia bomba la breki.

"Pete kama hii wahunzi wangeweza kuitia?" nikauliza.

"Mtu yeyote angeweza," akasema. Chai yenyewe hakuinywa.

Siku ya tatu walimkamata. Kesi ilisikilizwa kwa Hakimu Ngwanda, na shitaka lilikuwa kuponya gari lililoitwa. Mwendesha mashitaka aliinua ile krosi yenye ufa ili wote waione.

"Mshitakiwa, kwa kuiondoa hii, ulikusudia kusema kwamba wahunzi walikosea?"

"Nilikusudia mke wangu afike mjini," Mlekwa akajibu.

"Jibu swali."

"Ufa uko mkononi mwako, bwana. Uulize wenyewe."

Hakimu aliutazama ufa. Nakiri kwamba aliutazama vizuri, hata akavaa miwani. Halafu akasoma hukumu: Mlekwa afungwe siku arobaini, na gari lirudishiwe kasoro yake, liwe kama lilivyotoka kwa wahunzi, kisha ofisa wa Idara aliendeshe hadi nyumbani kwa mwenyewe na kulikabidhi. Hakuna aliyecheka. Karani wa mahakama aliandika neno kwa neno.

Gari lilipelekwa juu, kwenye uwanja wa Kituo Kikuu. Mafundi wa Idara, ambao kwa miaka miwili walikosa nafasi ya kufunga krosi hata moja nzima, walipata nafasi ya kuifunga ile mbovu kabla ya adhuhuri. Pete ya Mlekwa waliing'oa kwa nyundo. Utepe mpya ukafungwa. Ikabaki kulishusha.

Bi Sikudhani alipanda kilima kwa miguu kulipokea, na kina mama wa maziwa walimfuata, wote walioweza kutembea. Nilikuwepo. Mheshimiwa Dangwa alisimama kivulini na maofisa wake, na Hakimu Ngwanda naye alikuja kuona hukumu yake ikitekelezwa. Aliitwa dereva wa kwanza wa Idara. Akasema goti linamsumbua. Wa pili alikuwa na arusi ya shangazi yake. Wa tatu alisema leseni yake ni ya kupanda tu.

Bi Sikudhani akafungua mlango wa abiria, akaushikilia wazi.

"Basi nitaendesha mimi," akasema. "Hukumu inataka ofisa awemo, sivyo? Mheshimiwa Dangwa, karibu. Tukufikishe bondeni ukatuamkie."

"Nina kikao, dada yangu."

"Mheshimiwa hakimu?"

Hakimu aliangalia saa yake.

"Na wewe, baba, uliyepiga muhuri? Ulisema ni zima."

Karani mwenye miwani alirudi hatua moja nyuma, akamkanyaga mwenzake. Bi Sikudhani aliwapitia mmoja mmoja, kwa jina kila aliyemjua jina, kwa cheo asiyemjua, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Nilihesabu wakubwa kumi na tisa. Hakuna aliyeukaribia mlango ule. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mpaka wakati huo nilikuwa nalitafutia udhuru: sikuwa katika nchi ya wajinga. Wote walijua. Kila mmoja wao alijua krosi ni nini, ufa uko wapi na kona ya pili iko umbali gani.

Bi Sikudhani alichomoa funguo garini, akafunga mlango, akaziweka mkononi mwa hakimu.

"Kaa nalo," akasema. "Ni lenu sasa, na kasoro yake."

Tukashuka kwa miguu, kina mama na makopo matupu vichwani.

Asubuhi ya pili yake, mwenye gari mmoja wa mtaa wa juu alikata utepe. Kufikia Jumapili tepe zilikuwa zimekatwa nyingi hata hazikuhesabika. Mlekwa alikuwa kifungoni, lakini Bi Sikudhani alikwisha kuona kazi inavyofanywa; aliingia chini ya magari pamoja na mafundi wengine, kanga kiunoni, akawaelekeza pete inakaa wapi. Maofisa walikuja wakatishia. Ila kila gari ambalo wangelinyang'anya lingelazimika kurudishiwa kasoro na kuendeshwa bondeni na mtu wa Idara, kwa hiyo waliandika majina, wakaondoka. Sheria haikufutwa. Bado imo vitabuni.

Mwezi haujaisha, Mheshimiwa Dangwa alitangaza kwamba ajali zimepungua sana kwa sababu ya barua. Alivishwa nishani. Bi Sikudhani aliisikia habari hiyo akiwa anasonga ugali wa kumpelekea mumewe, na aliusonga kwa nguvu zaidi kidogo, basi.

Gereza liko kilimani, jirani na Kituo. Siku ya thelathini na tano tulikuwa uani mwake mchana, Mlekwa anakula, askari anasinzia, alipoingia mtu wa makamo aliyevaa sare ya udereva, ameshika kofia mkononi. Alijitaja kuwa Tindo, dereva wa Mheshimiwa Dangwa.

"Fundi, nisamehe kwa kukukatizia chakula," akasema. "Gari la mkubwa nalo limeitwa, tangu mwaka juzi. Utepe ameuficha ndani ya buti la gari. Kila tukifika chini ya kilima huniambia nisimame, anataka kunyoosha miguu. Napanda peke yangu, yeye anakuja nyuma kwa miguu, tunakutana juu kabla ya geti la Kituo."

Bi Sikudhani aliinuka. "Anajua, halafu anakupandisha peke yako?"

"Kila siku, dada."

"Usiliguse, baba Nuru! Nakuapia. Mwache limkatikie."

"Limkatikie nani?" Mlekwa akasema. "Yeye yumo barabarani anatembea." Aliisogeza sahani, akamgeukia Tindo. "Una watoto?"

"Wanne."

"Gari liko wapi?"

"Nje ya lango. Mkubwa amelala baada ya chakula cha mchana. Chuma nimekuja nacho, wamenipa vijana wa kwako bondeni."

Askari, ambaye kumbe hakuwa amesinzia, alifungua lango mwenyewe, akasema dada yake pia ana gari kama lile na angependa kuona. Mlekwa akalala chali chini ya gari la Mkuu wa Idara ya Mwito, na baada ya muda Bi Sikudhani, akiwa bado amenuna, alichuchumaa akaanza kumpa spana.

Niliondoka Pandashuka juma lililofuata, Mlekwa akiwa ameshatoka. Tindo hakumwambia mkubwa wake chochote. Nilipopita chini ya kilima kile kwa mara ya mwisho nilimwona Mheshimiwa Dangwa barabarani, jua la saa saba kichwani, nishani inamgongagonga kifuani, akipanda kwa miguu nyuma ya gari zima.